Siku Moja Maishani Mwangu: Mustang ya 1967 na Ekseli ya Explorer

Saa 1:00 asubuhi

Sifungui hata nati moja. Nalala chini ya gari na futi kamba, chaki na kipima pembe, napima ekseli ya zamani kabla haijaondoka. Kutoka uso wa ngoma moja ya breki hadi nyingine, kutoka katikati ya springi ya kushoto hadi ya kulia, kutoka ngoma hadi ubavu wa springi. Kila namba naiandika sakafuni kwa herufi kubwa, mahali ambapo hakuna atakayeburuza jeki juu yake. Ekseli ikishatoka, hakuna tena wa kumuuliza.

Mwenye gari ni mzee mmoja mtaratibu sana, mpaka ashike usukani. Miaka michache iliyopita aliweka injini ya lita 5.0 iliyotengenezwa upya, lakini nyuma akabaki na ekseli ileile ya kiwandani, yenye kraun (gia kubwa ya ndani ya difu) ya inchi 8 na hafu shafti, zile fito zinazozungusha magurudumu, za meno 28. Sasa difu linalia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

Ekseli inayoingia imetoka kwenye Ford Explorer. Kraun yake ni ya inchi 8.8, hafu shafti zina meno 31, na zile za kuanzia 1995 zinakuja na breki za diski tayari. Nafasi ya bolti za gurudumu ni ileile, bolti 5 kwenye duara la milimita 114.3, kwa hiyo rimu za mzee zinabaki. Upana unapishana na wa Mustang ya 1967 kwa chini ya sentimita moja. Wengi wangemshauri ile maarufu ya inchi 9, iliyoanza 1957. Ni ngumu kweli, sibishi, lakini pinioni yake, gia ndogo inayoisukuma kraun, imekaa chini mno ya katikati ya kraun, meno yanasuguana zaidi, na nguvu fulani inaishia kuwa joto tu.

Saa 2:15

Kufungua. Kutu, mafuta ya kupenya, nyundo. Bolti moja ya shokomzoba imekatika, kama nilivyojua itakatika. Tuyaache hayo.

Saa 4:00

Ekseli mpya iko kwenye jeki. Kijana ninayemfundisha kazi anafuta matope kwenye kibati kidogo kilichofungwa kwa bolti ya mfuniko wa difu.

"Fundi, imeandikwa 3L73. Hiyo L ya nini?"

Namwambia asome bila L kwanza: 3.73, yaani pinioni inazunguka mara 3.73 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ukifungua mfuniko utahesabu meno 41 kwenye kraun na 11 kwenye pinioni, gawanya. Hiyo L iliyojipenyeza katikati inasema hili ni difu la kubana, halikubali gurudumu moja lizunguke bure huku jingine limelala. Ndiyo maana kwenye oili yake tutaongeza ile dawa ya klachi za ndani, la sivyo kila kona itagongagonga.

Kwenye Explorer, springi hukaa chini ya ekseli kwa mpangilio wake. Vikalio vyake, vile vyuma vinavyokalia springi, nilivikata jana kwa grenda, nikaacha ngozi nyembamba ya chuma ili nisile bomba lenyewe. Leo vipya viwili vimekaa juu ya springi za Mustang vikiwa huru kabisa, na ekseli imelala juu yake. Unaweza kuizungusha kwa mkono mmoja. Hapo ndipo siku yangu yote ilipo.

Saa 5:00

Tunashusha gari hadi uzito wake wote ukae kwenye ekseli, maana springi inayoning'inia inadanganya. Kijana ameshavaa barakoa ya kuchomelea.

"Si tuchomelee tu, fundi? Imekaa sawa."

Kwa jicho, ndiyo. Naweka kipima pembe nyuma ya giaboksi: mkia umeinama digrii 3. Kwa kawaida pua ya difu ingeinuka digrii 3 hizohizo, ili krosi (kiungo kinachopinda) ya mbele ikiharakisha propela, ile shafti ndefu ya kutoka giaboksi hadi difu, ya nyuma iirudishe, na mtetemo ufie hapo katikati. Lakini hizi ni springi za mabamba. Ukikanyaga mafuta, ekseli inataka kujipindua kinyume na magurudumu, springi inajikunja kidogo, pua inapanda. Kwa hiyo naiweka digrii 1 tu ikiwa imesimama. Njia iliyobaki itaipanda yenyewe ikibeba mzigo.

Napima tena kushoto, kulia, kisha kutoka kila ncha ya ekseli hadi tundu la mbele la springi yake. Kulia kumezidi milimita 4. Nasukuma, napima, nasukuma. Nusu saa nzima inakwenda kwenye milimita 4, na kijana ameshavua barakoa na kukaa juu ya tairi.

Kisha doti nne ndogo za kuchomelea kila kikalio. Napima tena. Hazijasogea.

Saa 6:30 mchana

Ekseli imetoka tena kwa kuchomelewa kikamilifu. Waya wa athi naubana palepale karibu na ninapochomelea, kwenye bomba lililosuguliwa hadi likang'aa. Ukiubana kule mwisho, umeme utapita kwenye beringi na kuziachia madoa. Nachoma sentimita 3 kushoto, nahamia kulia, narudi. Bomba la ekseli likipata joto upande mmoja linajikunja kama ulimi. Linapoa kwa hewa. Maji hapana.

Saa 8:00

Imerudi chini ya gari. Yu-bolti ni mpya, kwa sababu bomba la Explorer ni nene, inchi 3.25. Bolti za bushi za springi nazikaza gari likiwa limebeba uzito wake, si linaponing'inia.

Propela ya zamani sasa ni ndefu. Napima nafasi, naacha sentimita 2 na nusu za kuchezea kule inakoingia kwenye giaboksi, na kijana anaikimbiza kwa fundi kereza ikakatwe na kusawazishwa. Mimi nabaki na mabomba ya breki na kebo za handbreki. Handbreki ya Explorer ni ngoma ndogo iliyojificha ndani ya diski, kitu cha akili sana, ila kebo zake hazina habari na Mustang. Naunda vishikio viwili vya bati.

Saa 10:15 jioni

Propela imefungwa. Oili hadi ichuruzike kwenye tundu la kujazia. Tunatoa upepo kwenye breki, tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali.

Saa 11:00

Mzee amefika, na kwa heshima namwomba nijaribu kwanza mimi. Difu kimya. Hakuna mtetemo. Kilomita 3 baadaye nasikia harufu.

Nasimama, naweka kiganja karibu na rimu ya nyuma. Moto. Ya upande wa pili, moto. Najua kabla sijafika karakana, na najisikia vibaya kwa sababu ni kitu ninachowafundisha wengine. Nyuma palikuwa na ngoma, na masta silinda ya gari la ngoma ina vali ndogo ya mpira kwenye tundu la bomba la nyuma. Kazi yake ni kuacha presha kidogo ndani ya bomba ili vikombe vya mpira kule kwenye ngoma visivute hewa. Ngoma ina springi za kurudisha viatu, haijali. Diski haina springi. Pedi zinabaki zimeikumbatia.

Nafungua bomba, naitoa vali. Haifiki ukubwa wa kifungo cha shati. Tunatoa upepo upya. Sasa gurudumu nikilisukuma kwa mkono linakwenda bila kunung'unika.

Saa 12:20

Kimebaki kitu kimoja. Difu la zamani lilikuwa 3.00, na spidomita inachukua mwendo wake kwenye giaboksi, haijui nyuma kumebadilika. Kwenye kilomita 80 za kweli, mshale unasoma karibu 100. Kigia cha plastiki cha kurekebisha kitafika wiki ijayo, kwa hiyo nabandika kipande cha utepe kwenye dashibodi: 100 = 80.

Mzee anaondoka, anarudi baada ya robo saa, anashusha kioo.

"Hicho kigia, fundi," anasema. "Hakina haraka."