Nilivyoinasa miwako ya nyota AU Microscopii nikiwa Katuba, Lubumbashi

Mkubwa mmoja wa fakilte, anayeheshimika kwa hesabu, aliniambia: "Mdogo wangu, data chafu haisemi kweli. Futa kwanza nukta zote zinazoruka juu ya wenzake." Nikatii. Ushauri huo ulinila wiki mbili!

AU Microscopii ni kibete chekundu kichanga, yaani nyota ndogo isiyo na joto kali kama Jua, umri wake miaka milioni 22 hivi, umbali wake miaka ya nuru 32. Satelaiti ya TESS, ya NASA, inayowinda sayari za nyota nyingine, iliipima mwanga kila dakika 2 mwaka 2018, na data ni bure. Niliishusha usiku kwa mega za franka chache. Nikasafisha kama nilivyofundishwa, mchoro ukatoka laini kama kitenge kilichopigwa pasi: mwanga unapanda na kushuka kila siku 4.86, maana madoa ya nyota yanazunguka pamoja nayo. Mwako, yaani mwanga wa nyota unaolipuka ghafla, hata mmoja sikuuona.

Usiku mmoja umeme ukakatika. Betri ilibaki kidogo, sikuwa na muda wa kusafisha, nikachora data mbichi. Miiba ikajaa kwenye skrini! Kila mmoja unapaa kwa dakika chache, kisha unashuka polepole kama chungu kilichoepuliwa. Nilimwamsha mama aje aone. Miiba hiyo ndiyo miwako: nyuzi za uga wa sumaku wa nyota zikijisokota hukatika na kuungana upya, elektroni hushuka kwa kasi na kuchoma tabaka za chini za nyota. Mwanga wa kishindo hicho ndio nilioufuta kwa wiki mbili nikiuita uchafu.

Sasa nafanya hivi. Natoa wimbi la madoa kwa wastani wa saa za jirani, halafu nakubali mwako pale tu nukta 3 au zaidi zinapofuatana juu, na kupanda kuwe kwa haraka kuliko kushuka. Nukta moja pekee siiamini. Kinundu chenye pande sawa huenda ni asteroidi iliyopita njiani. Nukta ambazo satelaiti yenyewe imezitia alama ya kasoro, hizo futa bila huruma.

Wengine wananipongeza kwamba nimeona plazima, gesi ya moto yenye chaji za umeme, ikirushwa na nyota. Hapana, kwa hilo lazima mwanga utawanywe rangi kwa rangi, kama wanaanga wa Japani walivyofanya kwa nyota nyingine, EK Draconis, mwezi Aprili 2020: plazima ilitoka kwa kilomita 510 hivi kwa sekunde.

Yule mkubwa wa fakilte nilimpelekea mchoro. Aliutazama kimya, akaniomba faili mbichi.