Mizunguko 250

Nimerudi kutoka viwanja vya maonyesho vya Nyamhongolo, Mwanza, mikono inanuka grisi na usingizi hauji. Kesho ndiyo Nanenane yenyewe, sikukuu ya wakulima, watu watafurika, na chombo chetu cha kuonyesha safari ya mama anayekwenda kujifungua nimekifungua na kukifunga upya kwa mara ya tatu wiki hii.

Ni baiskeli mbili za Phoenix, tumezichomelea kwenye fremu ya chuma. Mgeni anapanda, anakanyaga. Kila mzunguko wa pedali tunauhesabu mita 20. Ya kushoto ni ya mama wa mjini, kilomita moja tu hadi hospitali: mizunguko 50, taa inawaka. Ya kulia ni ya mama wa kijijini, kilomita 5 hadi zahanati: mizunguko 250. Breki ya hiyo tumeikaza kidogo, maana anayekanyaga amempakia mgonjwa nyuma.

Mwanzoni tulikuwa na ubao tu. Tuliandika kwamba vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Ni habari njema kabisa, na wapo wakunga walioitolea jasho. Lakini watu walisoma, wakatikisa kichwa, wakaenda kutazama ng'ombe. Halafu wastani huficha watu. Hiyo 104 haikuambii ni akina nani, wala wanaishi wapi.

Baiskeli zilipofika, vijana wakaanza kushindana. Wa kushoto akamaliza, akashuka anacheka. Wa kulia akaachia kwenye 90. Nikajua tumefaulu, hadi nilipomsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Ndiyo maana wanaambiwa wawahi." Ilinichoma. Nilikuwa nimeunda kitu kinachomchosha mtu dakika mbili, kisha anamlaumu mama aliyechoka usiku kucha.

Kesho yake akaja mama mmoja wa makamo kutoka kisiwa cha Ukerewe. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaikagua baiskeli ya kulia pande zote.

"Mwanangu, safari yenu inaanzia barabarani. Mimi yangu ilianzia mlangoni, namngoja baba watoto arudi ziwani ndipo nauli ipatikane. Na baiskeli haivuki maji."

Sikuwa na la kujibu. Tangu 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walishaandika kuhusu kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nilikuwa nayo yote kwenye daftari. Tulijenga ya katikati peke yake kwa sababu ndiyo rahisi kuchomelea.

Kwa hiyo sasa baiskeli ya kulia ina mnyororo na kufuli. Ufunguo anao mwenzangu upande wa pili wa banda, na hakupi mpaka amalize shughuli yake. Ukifikisha 250, taa haiwaki. Kisanduku kinafunguka, ndani mna karatasi ya rufaa: mkunga yupo, damu ya kuongezewa haipo, nenda hospitali. Mita inarudi sifuri.

Hapo tulibishana sana leo. Mwenzangu anataka taa iwake mwishoni, watu wasiondoke wamekata tamaa. Mimi nakataa, kwa sababu anayetokwa na damu baada ya kujifungua ana saa chache tu, na taa ya huruma itakuwa uongo. Tulichokubaliana ni kuandika 115 kwa herufi kubwa chini ya karatasi ile. Ni namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito: unapiga, anatafutwa dereva wa karibu, naye analipwa kwa simu. Nauli ya baba watoto haisubiriwi tena.

Jioni nesi mmoja alikanyaga yote 250. Alisoma karatasi, hakushuka. Akaanza kukanyaga tena kutoka sifuri, na sisi tukaacha kufunga banda, tukamngoja.

Mnyororo wa kulia umelegea. Asubuhi napitia kwa fundi kabla ya geti kufunguliwa. Ziwa bado sijui nitalijengaje.