Baiskeli ya mbio ya laki na thelathini, nilivyoiweka barabarani hapa Tabora

Mi sio mwanamichezo, niseme mapema. Nakaa Ipuli, kazini kwangu ni upande wa Tumbi barabara ya Urambo, kwenda na kurudi ni kilomita 30 na ushee, na bodaboda ilikuwa inanila elfu 6 kila siku ya kazi mpaka nikawa najiona kama namfanyia kazi yeye. Sasa Tabora baiskeli sio kitu cha ajabu, hapa mzee wa miaka sabini anakupita na gunia la mkaa kwenye keria afu anakutupia salamu ya Kinyamwezi "mwangaluka" bila hata kuhema, kwa hiyo wazo la baiskeli lilikuwepo siku nyingi. Ila Phoenix mpya niliulizia nikaambiwa laki 2 na nusu, na ile kitu ni nzito aisee, gia moja, kwa umbali wangu nilijua wiki mbili tu nitarudi kwenye boda.

Ndo nikakutana na hii ya mbio kwa muuza mitumba mmoja mjini. Usukani umekunjwa kama pembe za kondoo, tairi nyembamba, gia 14 yani mbili mbele saba nyuma, rangi ya bluu imebabuka, 130,000 na jamaa hashuki hata mia. Pale nilifanya mambo mawili ya maana na moja la kijinga. La kwanza nilikagua fremu shingoni, pale mabomba yanapoungana chini ya usukani, maana kama iliwahi kugonga kitu rangi inakuwa na mikunjo au unaona ufa mwembamba kama unywele, hiyo hata upewe bure iache. La pili niliinua magurudumu nikayazungusha huku natazama rimu inavyopita kati ya mipira ya breki, ikiyumba kushoto kulia kidogo fundi ananyoosha kwa kukaza spoki, ila ikiwa inaruka juu chini ujue ilishabonyea na haina maisha. La kijinga ni kwamba tairi sikuzikagua kwa sababu zilikuwa na upepo.

Siku ya nne la nyuma likapasuka ubavuni, paa, njiani, jua la saa nane. Nikasukuma mpaka kwa fundi wangu, mzee mmoja yuko chini ya mwembe huku kwetu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeniletea mbuzi gani huyu?"

Akachukua tairi namba 28, la Phoenix, maana kwa macho magurudumu yanalingana kabisa. Akalivika, likaning'inia kwenye rimu kama kaptula ya baba kwa mtoto, na juu ya hapo pana mno, linagusa fremu. Tukajaribu la 26 la baiskeli za milimani, hilo halikukaribia hata kuingia.

Hapo ndo nikaanza kusoma namba. Kila tairi ubavuni lina maandishi madogo ambayo mi maisha yangu yote sijawahi kuyatazama, na namba ya kuaminika ni ile ya tarakimu tatu baada ya kistari, ni kipenyo kwa milimita pale tairi linapokaa kwenye rimu. 28 ya Phoenix ni 635. Ya mbio, hizi zinazoandikwa 700C, ni 622. Ile 26 ya milimani ni 559. Milimita 13 kwa maneno sio kitu, mpaka uione tairi inavyocheza. Kumbe kama ningekunja mgongo dakika moja kwa muuzaji nikasoma ile namba ningejua kwamba baiskeli yangu inavaa kiatu ambacho mi sikukipata duka lolote mjini.

Nikaagiza Kariakoo, zikaja na basi, pea 50,000. Zilizokuja na baiskeli zilikuwa upana wa milimita 23, hizo zinataka upepo kama psi 100 na kwenye lami yenye kokoto unatetemeka mpaka meno, nikachukua za 28 najaza 80 mambo shwari. (28 hii ni milimita za upana, ile 28 ya Phoenix ni inchi za kimo, usinilaumu mi.) Tyubu zake nazo zina mdomo mwembamba, pampu za mtaani haziushiki, unanunua kidude cha shaba cha buku moja unakifunga pale juu, na kabla ya kujaza lazima ulegeze kile kinati cha kwenye ncha, dogo mmoja alipampu dakika tano jasho linamtoka upepo hauingii kwa sababu hakukilegeza.

Mnyororo ndo ulikuwa ugomvi. Ulikuwa unaruka nikikanyaga kwa nguvu, babu akataka kuweka wa Phoenix, nikamwomba tupime kwanza. Ule wa gia moja ni mpana, ndani ni moja ya nane ya inchi, wa gia nyingi ni tatu ya thelathini na mbili, mpana hauwezi kuhama meno vizuri. Na kujua kama umechoka ni rula tu, pini mpaka pini kwenye vipande 24 inatakiwa inchi 12 kamili. Wangu ulizidi karibu moja ya nane, yani ulishakufa na umekula meno pia. Nikaweka mpya 12,000 na bado gia mbili za katikati zinaruka mpaka leo kwa sababu meno ya nyuma sijabadilisha, nazikwepa tu. Waya wa breki nao una kichwa cha umbo lake, kama pea, wa baiskeli ya milimani kichwa chake ni kama kipipa, hauingii. Siku ukiagiza tairi agiza na waya humohumo.

Hesabu: tairi 50,000, tyubu mbili 12,000, usafiri wa basi 5,000, mnyororo 12,000, waya 4,000, mipira ya breki 5,000, kidude 1,000, babu kwa siku zote 15,000. Jumla 104,000, ukiweka na ya kununulia ni 234,000. Ndo ile bei rahisi sasa, karibu Phoenix mpya! Ila kwa boda ya elfu 6 ni siku 39 za kazi, na nimeshazipita zamani.

Na je inafaa? Kwa lami, mtu mmoja, bila mzigo, mi nasema inafaa sana, asubuhi natumia dakika 45 kufika na upepo ukiwa nyuma hata 40, raha yake siwezi kueleza. Mvua ikinyesha ni kesi nyingine, rimu zangu ni za chuma na zikilowa breki zinakuwa kama maombi, naanza kubana mita nyingi kabla ya tuta. Miiba ya migunga inapenya, kwa hiyo natembea na tyubu ya akiba, na kabla ya kuivika napitisha vidole ndani ya tairi taratibu, mara mbili nilisahau nikatoboa mpya palepale. Na kutoka lami hadi nyumbani kuna mchanga wa kwetu huu, pale nashuka nasukuma bila aibu, watoto wameshazoea.

Juzi shemeji yangu kaja kutoka Sikonge, kaiona, kaipenda, afu kauliza debe la asali ataliweka wapi. Nikamwambia shemeji we chukua Phoenix. Hakusikia, kaondoka nayo kuijaribu, hata kona hakufika kazama mchangani, karudi kaibeba begani.