Swali Lililotoka Nyuma ya Ukumbi

Muhula uliopita nilipokea barua pepe kutoka kwa mwanafunzi ambaye, katika ukumbi wetu uliojaa hapa Lubumbashi, hakuwahi kunyoosha mkono hata siku moja. Alitaka kujua kama majibu ya wachuuzi 40 aliowahoji katika soko la Kenya, mtaa wa mji wetu huu, yangemruhusu kusema lolote kuhusu wachuuzi wa mji mzima. Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali zito kama hilo ana kwa ana.

Kwa desturi yetu, swali la mwanafunzi hupitia kwa mkuu wa darasa, na jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo, mara nyingi likiwa limepunguzwa au kupindishwa. Kundi la WhatsApp nalo humlazimu mwenye haya kuuliza mbele ya wote, kisha swali lake huzama chini ya matangazo ya ada na rambirambi. Shida huwa kubwa zaidi kwa somo la profesa mgeni anayetoka Kinshasa, akafundisha siku chache mfululizo na kupanda ndege, kwa kuwa mwanafunzi hugundua asichokielewa baadaye, anapodurusu. Barua pepe hukaa kwenye seva mpaka mpokeaji aifungue, hivyo umeme ukikatika jioni nzima Kasapa, kwenye kampasi ya chuo chetu, swali halipotei.

Ninachowaomba wanafunzi ni kidogo: mada iliyo wazi, jina na mwaka wa masomo, na ukurasa wenye tatizo badala ya tasnifu nzima iliyopigwa picha kwa simu, maana Gmail haimruhusu mtu kutuma viambatisho vinavyozidi MB 25. Tunafundisha kwa Kifaransa, lakini nimewaambia kwamba wazo likikwama waliandike kwa Kiswahili, kwani napenda kuliona wazo lenyewe kuliko salamu ndefu zilizonakiliwa mahali.

Lawama nyingine ni yetu walimu. Kwa miaka mingi niliacha barua hizo bila kujibu, nikiamini kwamba mwenye shida atakuja ofisini, na sijui ni wangapi niliowanyamazisha. Sasa Jumanne na Ijumaa jioni ni za kujibu, na wanafunzi wanazijua siku hizo.

Yule binti nilimjibu kwa aya tatu. Baada ya wiki moja alinitumia kichwa kipya cha kazi yake, kinachotaja soko la Kenya peke yake, pamoja na swali la pili.