Mwezi Uko Wapi?

Mwaka 2019 nilikuwa naishi Kirumba, Mwanza, karibu na soko la Mwaloni, kwenye chumba kilichonuka dagaa mchana na usiku. Nilikuwa natengeneza gemu ya uvuvi kwa C++, lugha ya kuandikia programu: mtumbwi, karabai, nyavu. Mtu akitaka kuongeza samaki hata mmoja, ilibidi aje kwangu, nifungue msimbo, niunde programu yote upya.

Ndipo nikaamua kuifungulia mlango wa modi, yaani faili ndogo ambazo mchezaji mwenyewe anaziandika ili kuibadilisha gemu. Nilichagua Lua, lugha iliyozaliwa Brazili mwaka 1993, kwa kuwa ni nyepesi na hupachikwa kirahisi ndani ya programu nyingine. Nilihangaika wiki mbili. Gemu ikiwaka, inapitia folda ya modi na kusoma kila faili. Kisha kila jambo linapotokea, mathalani nyavu zinapovutwa, inaziuliza modi: kuna cha kubadilisha? Maktaba za os na io, zile sehemu za Lua zinazogusa kompyuta na mafaili yake, nilizifungia nje, modi ya kuchezea isije ikafuta mafaili ya mtu. Kazi hiyo niliipenda kuliko gemu yenyewe.

Wa kwanza kuijaribu alikuwa kijana wa jirani, kidato cha pili, baba yake mvuvi wa dagaa. Nilimwonyesha namna ya kuongeza furu na sato, nikidhani atafurahi. Akasoma orodha ya vitu ambavyo modi inaruhusiwa kuviona. Akairudia.

"Kaka, mwezi uko wapi?"

"Mwezi gani?"

"Wa juu. Humu dagaa wanajaa ndoo kila siku. Baba mbalamwezi ikiwa kali haendi ziwani. Dagaa hawaifuati taa, ziwa zima lina mwanga."

Nilinyamaza. Miaka miwili nilikuwa nikisikia injini za mitumbwi zikitoka jioni, wala sikuwahi kujiuliza mbona kuna siku zinakuwa kimya. Na Lua, kwa Kireno, ni mwezi.

Usiku uleule nikaongeza namba moja ya kuzipa modi: umri wa mwezi, 1 mpaka 30. Yeye akaandika mistari minane, kwa kidole kimoja. Tukasogeza siku mpaka ya 15. Karabai ikawaka, nyavu zikashuka, zikapanda na dagaa wa kufunika kitako cha ndoo tu.

"Hapo sawa," akasema, akaanza kuandika usiku wa giza.