Mkopo wa 1200 ubaoni

Kipindi cha stadi za maisha niliachiwa kama jirani anayehama anavyokuachia mbuzi wake. Mwalimu aliyekuwa nacho alipata uhamisho, ratiba ilishabandikwa ukutani, na mimi wa hisabati ndiye niliyeonekana kukaa bure Ijumaa mchana. Kipindi chenyewe hakikuwa na mtihani, na shule ya umma ina namna yake ya kushughulika na kisicho na mtihani. Kikao kikitokea, kinakatwa. Michezo ikitokea, kinakatwa. Siku isiyotokea kitu, wanafunzi wanamalizia humo kazi za masomo mengine.

Kabatini nilikuta mwongozo. Orodha yake niliitambua: ni zile stadi kumi ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufanya maamuzi, kutatua matatizo, fikra bunifu, fikra tunduizi, mawasiliano, mahusiano, kujitambua, kuelewa hisia za wengine, kuhimili mihemko, kuhimili msongo. Sina ugomvi na orodha hiyo. Ugomvi wangu ulikuwa na madaftari. Niliyafungua matatu manne nikakuta maana ya kujitambua, faida tano za kujitambua, madhara matano ya kutojitambua, yote kwa mwandiko safi na vema nyekundu pembeni. Mtoto anaweza kuzipata zote tano, kisha akatoka nje ya geti na kusaini karatasi ambayo hakuisoma hata mstari mmoja.

Hiyo karatasi ndiyo niliyoitafuta, na sikuhitaji kwenda mbali. Mwenzangu wa meza ya pili pale chumba cha walimu alikuwa amekopa miezi michache nyuma, na mkataba wake ulikuwa kwenye mkoba. Nilimwomba. Aliuvuta nusu, akaurudisha, akautoa tena. "Jina langu lisionekane," alisema, "wala la hao walionikopesha." Nikanakili vipengele kwa mkono, nikabadilisha kiasi kiwe namba rahisi kugawanyika, asilimia nikaziacha kama zilivyo.

Ijumaa ile darasani walikuwa vijana wa miaka 15 na 16, wengi wao wakiwa wameshaandaa madaftari ya somo jingine. Niliandika ubaoni bila maelezo: mkopo 1200, muda miezi 12, riba asilimia 20, rejesho la kila mwezi 120. Nikauliza swali moja tu. Mkopo huu unakugharimu asilimia ngapi kwa mwaka?

Walicheka. Kijana wa dawati la nyuma alijibu bila kuinua kichwa. "Mwalimu, si umeandika mwenyewe? Ishirini."

Hesabu yake haikuwa na kasoro ya kuonekana. Asilimia 20 ya 1200 ni 240. Jumla ni 1440, gawanya kwa 12, unapata 120. Mkataba ulikuwa umekokotolewa hivyo hivyo, na mwenye mkataba, mtu mwenye shahada, aliusaini kwa kuamini hivyo hivyo. Nikawaambia wachore jedwali: mwezi, deni mwanzoni mwa mwezi, sehemu ya mtaji (pesa yenyewe uliyokopa) unayorudisha, riba. Mwezi wa kwanza unadaiwa 1200, unarudisha 100 ya mtaji na 20 ya riba. Wa pili unadaiwa 1100, unarudisha 100 na 20. Wakaendelea kushuka mistari, wengine wakipiga miayo, kwa sababu safu ya riba ilikuwa 20, 20, 20 mpaka chini.

Nilikuwa nasubiri. Kwenye hisabati nimejifunza kwamba ukimya wa watu wanaojaza jedwali haufanani na ukimya wa wanaonakili, na haifai kuuvunja. Msichana mmoja wa upande wa dirisha, ambaye katika algebra sikuwahi kumsikia akijitolea jibu, alifika mstari wa mwisho akasimamisha kalamu.

"Mwalimu, mwezi wa 12 nimebakiwa na deni la 100 tu."

"Ndiyo."

"Na riba bado ni 20."

"Ndiyo."

"Ishirini kwenye mia. Kwa mwezi mmoja?"

Vichwa vikageuka. Yule wa dawati la nyuma naye akainua chake, akalitazama jedwali lake kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine.

Kuanzia hapo sikuwa na kazi kubwa. Hoja waliiona wenyewe: riba ilihesabiwa kama vile 1200 yote inakaa mfukoni mwako mwaka mzima, wakati kila mwezi unarudisha 100. Nikawauliza, kwa wastani umekaa na pesa yao kiasi gani? Wakajumlisha safu ya deni, 1200, 1100, 1000, kushuka hadi 100. Ikatoka 7800. Gawanya kwa 12, ni 650. Basi umelipa 240 kwa kukaa na 650, na hiyo ni karibu asilimia 37. Ile ni njia ya mkato. Ukokotoaji kamili, ule wa riba inayopungua pamoja na deni, huleta kama 35. Niliwaambia tofauti hiyo, na hakuna aliyeijali. Walichotaka kujua ni kwa nini karatasi imesema 20.

"Wanaruhusiwa?" aliuliza mmoja.

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye kipindi kile, nalo halimo kwenye mwongozo. Nikawajibu kwamba inategemea sheria za mahali. Marekani walipitisha sheria mwaka 1968 ya kumlazimisha mkopeshaji aseme riba halisi ya mwaka kwa namna moja, ili mtu aweze kulinganisha. Uingereza wakafuata na sheria yao ya mikopo mwaka 1974. Penye sheria ya namna hiyo namba ya kweli huwa imeandikwa, na kazi yako ni kuitafuta. Pasipo nayo unalichora jedwali mwenyewe. Kama riba ingekuwa asilimia 20 ya kweli, inayopungua na deni, mkopo ule ule ungelipiwa riba ya kama 134 kwa mwaka badala ya 240. Nikaziandika namba hizo mbili ubaoni, moja juu ya nyingine.

Kisha vipengele vidogo. Ada ya kushughulikia mkopo ilikuwa asilimia 3, nayo hukatwa siku ya kwanza. Kwa hiyo mkononi hupewi 1200, unapewa 1164, ila unadaiwa 1200. Wakarudia hesabu, gharama halisi ikavuka asilimia 40. Faini ya kuchelewa nayo ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi, juu ya kiasi kilichochelewa pamoja na faini zilizotangulia. Hapo niliwapa ile kanuni ya 72, ambayo Mtaliano Luca Pacioli aliiandika mwaka 1494: gawanya 72 kwa asilimia, unapata muda ambao deni hujizidisha mara mbili. Sabini na mbili kwa tatu ni 24. Miezi 24. Walioichukia mada ya logi (logarithm) wakaniomba niwaonyeshe kwa nini 72, nikawaambia tutaonana Jumatatu kwenye hisabati, na kweli Jumatatu walikumbuka.

Kelele zilianza tulipofika kwenye maigizo. Nilitaka mtu aende kwa afisa mikopo aombe kuelezwa, basi. Sikumpangia mtu maneno. Kijana wa dawati la nyuma akajitolea kuwa afisa. Akavuta meza yangu, akaegemea kiti, akaanza kupanga karatasi zisizokuwepo. Sijui aliusikia wapi mdundo ule, ila aliupatia vizuri mno. "Karibu dada yangu. Saini hapa, hapa, na hapa. Pesa utaipata leo leo."

Msichana wa dirishani ndiye aliyekuwa mkopaji. "Naomba kwanza jedwali la marejesho."

"Jedwali litafuata, dada."

"Basi na saini itafuata."

Darasa lililipuka. Afisa akajaribu kila mbinu: wenzako wako nje wanasubiri, ofa inaisha leo, wewe ni mteja wetu wa pekee, hunipendi? Yeye akarudi mle mle kwenye maswali matatu tuliyokuwa tumeyaandika: nitapokea kiasi gani mkononi, nitarudisha jumla ngapi, nikitaka kumaliza mapema inakuwaje. Aliyasema polepole, bila kugomba. Nikawaza kuhusu ule mwongozo kabatini. Mawasiliano, kuhimili msongo, maamuzi, fikra tunduizi, zote zilikuwa pale mbele kwa wakati mmoja, na hakuna aliyezitaja jina.

Kwa kelele zile mwalimu mkuu alifika. Alisimama mlangoni, darasa likanyamaza, afisa mikopo akashuka kwenye kiti changu haraka.

"Hii ni hesabu au stadi za maisha?"

Kabla sijajibu, mtu akasema, "Ni mkopo, mwalimu mkuu."

Nilitarajia aulize hilo linatokea ukurasa wa ngapi. Akaingia, akausoma ubao kuanzia juu, akatumia muda. Alipofika chini aliniuliza, "Kipengele cha mdhamini hakimo?" Kilikuwemo, hatujakifikia. "Kifikieni," alisema, "na mkisome mara mbili." Akatoka. Sijawahi kumuuliza, naye hajawahi kusema.

Tukakisoma mara mbili. Kilisema mdhamini atawajibika kwa deni lote, pamoja na riba na faini, kana kwamba ndiye mkopaji, na mkopeshaji anaweza kumdai bila kuanza na mkopaji. Wengi walidhani mdhamini ni shahidi tu, mtu anayesema namfahamu huyu, ni mwaminifu. Mmoja akasema kwao mdhamini alikuwa baba yake. Hakuendelea, nami sikumchimba. Mikataba ya kweli ina hatari hiyo: ukiipeleka darasani unaingia nayo hadi sebuleni kwa watu. Nadhani mwalimu anayetaka kuijaribu ajiandae kwa hilo kuliko kwa hesabu. Niliwahamisha kwenye swali lisilo la nyumbani kwa mtu: ungeombwa kudhamini, ungetaka uonyeshwe nini kabla? Wakataja nakala ya mkataba, jedwali, taarifa pale rejesho la kwanza tu likikosekana, na ukomo wa kiasi cha dhamana. Hilo la ukomo lilitoka kwao, mimi nisingelifikiria.

Kengele iliwakuta bado wanabishana kama ada ikatwe mwanzoni au igawanywe. Madaftari ya somo jingine yalikuwa sakafuni.

Chumba cha walimu, mwenye mkataba alikuwa akinisubiri huku akijifanya anasahihisha. "Walifika wapi?"

Nikamwambia: 35, na ukiweka ada, zaidi ya 40. Akaweka kalamu chini. Halafu akanieleza jambo ambalo hakuwa amelisema wakati ananipa karatasi. Alikuwa na akiba pembeni, na alikusudia mwezi ule ule kulimaliza deni lote apumue. Tukautoa mkataba halisi tukatafuta habari za kulipa kabla ya muda. Ilikuwa ukurasa wa nyuma, sentensi moja: mkopaji anaruhusiwa, ila riba ya muda wote italipwa kamili.

Aliisoma kwa sauti, kisha akanigeuzia ukurasa. Nikamchorea jedwali lile lile kwenye karatasi ya mtihani wa zamani. Akimaliza leo, analipa riba ya miezi ambayo hatakaa na pesa yao, na akiba inakwisha. Akimaliza kwa wakati, analipa kiasi kile kile, na akiba anakaa nayo yeye. Kwa mkopo wa riba inayopungua ningemwambia alipe kesho asubuhi. Kwa huu, haraka ilikuwa na faida kwa upande mmoja tu, nao si wake.

Jumatatu aliwafuata waliomkopesha akawauliza kama wanaweza kumpunguzia riba iliyobaki. Walikataa, kwa adabu, wakimwonyesha sentensi ile ile. Akaomba jedwali la marejesho lenye muhuri, na hilo wakampa. Akiba akaiacha ilipo, akaendelea kulipa rejesho lake kila mwezi mpaka la mwisho.

Ijumaa iliyofuata mwongozo ulisema mada ni kujiamini. Nilipoingia, juu ya meza yangu nilikuta mkataba wa pango, karatasi ya dhamana ya simu, na fomu ya kazi ya likizo yenye kipengele cha makato ambacho mleta fomu alikuwa amekipigia mstari mara tatu. Tukaanza na pango.