Siku moja kwenye vitanda vyenye tundu, Goma

Saa 11:30 alfajiri. Nikielekea kituo cha kolera (kipindupindu) ninakofanya kazi ya uuguzi, napishana na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimepakia bidoni za maji ya Ziwa Kivu. Yasiyotiwa klorini pale ufukoni yanafika majikoni hivyo hivyo.

Saa 1. Napokea zamu. Kila kitanda kina tundu katikati na ndoo chini yake ya kupokea kuhara. Napima ndoo moja moja, kwa sababu maji yaliyomtoka mgonjwa lazima arudishiwe.

Saa 3. Kijana analetwa mgongoni mwa kaka yake. Macho yamezama, ngozi ya tumbo nikiifinya inabaki imesimama, mpigo kwenye mkono siupati. Kilo 60 hivi. Mishipa imejificha, naipata mara ya tatu. Serumu ya Ringer, maji ya chumvi ya kutundikia mshipani: lita 1.8 kwa nusu saa, kisha 4.2 kwa saa mbili na nusu.

Saa 6:30 ananong'ona, "Muganga, niko na kiu." Nafurahi mpaka machozi.

Mama yake ananivuta pembeni. "Kale kadudu kanamukula matumbo?"

Hapana, mama. Kuna bakteria wa kuhara damu, Shigela, hao ndio huvamia seli na kuzijeruhi. Wa kolera anajibandika tu juu ya ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu. Sumu hiyo ina vipande 5 vya kushikilia seli na 1 kinachopenya ndani, nacho kinaamrisha seli ifungue milango ya chumvi bila kufunga tena. Chumvi ikimwagika, maji yanaifuata, hata lita nzima kwa saa, meupe kama ya kuoshea mchele. Na bakteria wanatoka nayo, kutafuta tumbo jingine.

Lakini mlango mmoja sumu haiugusi: ule unaopitisha sukari na chumvi pamoja, na maji nyuma yao. Ndiyo maana inaniuma kusikia mgonjwa amenyimwa maji nyumbani "ili kuhara kukauke". Anyweshwe! Kama hakuna pakiti ya dawa ya kuchanganya na maji (ORS): maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akipelekwa kituoni. Julai na Agosti 1994 kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi kandokando ya mji huu. Wengi walikufa kwa kukaukiwa.

Saa 12 jioni. Nakabidhi zamu. Mama ameshika kikombe, mwanawe anakunywa kidogo kidogo. Ndoo yake ya saa iliyopita haikufika hata nusu lita.